Mlingoti wa Bwana Nassor

Siku zile nazikumbuka vizuri, mwanangu. Ilikuwa miaka ya sabini, nami ni msichana ninayelelewa na bibi yangu, Bi Mwanahawa, katika mji mkongwe wa Bagamoyo. Huku bara hatukuwa na televisheni. Ilikuwa Unguja tu, ng'ambo ya maji.

Jirani yetu Bwana Nassor, muuza vitambaa, aliunganisha boriti mbili za mkoko, akazisimika uani kwake, na kileleni akafunga vyuma mfano wa mifupa ya samaki. Hakumwambia mtu ni kitu gani. Na kila jioni alifunga mlango na madirisha. Nyinyi mngejua ni antena. Sisi tungejuaje? Zama zile watu walitazamana kwa jicho la pembeni.

"Dalili ya mvua ni mawingu," alisema Mzee Kondo, balozi wetu wa nyumba kumi. "Mtu mwema hufunga madirisha kwa joto hili?"

Mwanamke mmoja akaapa kwamba amesikia sauti ngeni mle ndani, na mke wa Nassor akiijibu. Basi, ikavuma kwamba wanazungumza na watu wa ng'ambo kwa waya. Wateja wakalihama duka lake.

Bibi akaniambia, "Jitande kanga, twende. Usilolijua ni kama usiku wa kiza."

Tulibisha hodi sana. Bwana Nassor akafungua kidogo, akachungulia nyuma yetu kama tumekuja na wengine.

"Nimekuja kumjulia hali mkeo," Bibi alisema.

Ndani kulikuwa na sanduku linalong'aa, watu wakiimba taarabu kwa picha za rangi. Mkewe, Bi Zuwena, alikuwa ameketi mkekani, machozi yanamtoka. Akatuonyesha mwimbaji mmoja wa safu ya nyuma.

"Bi Mkubwa, yule ni dada yangu. Hatujaonana tangu nilipovuka kuja huku bara. Nikimwona namsalimia. Najua hanisikii. Ndiyo maana tunafunga, watu wasije wakasema nina wazimu."

Bibi akaketi naye, wakamsalimia pamoja. Tulipotoka, akaenda moja kwa moja kwa Mzee Kondo kumweleza.

"Umechelewa, Bibi," akajibiwa. "Habari nimeshaipeleka kwa wakubwa."

Kesho yake Bwana Nassor alichukuliwa kuhojiwa. Alirudi salama, alhamdulillahi. Alishika msumeno akaukata mlingoti wake mwenyewe, nasi tukimsikia mkewe akimsihi auache.

Bibi alimkabili Mzee Kondo barazani, mbele ya watu. "Ulikuwa na miguu ya kwenda kushitaki, ukakosa ya kwenda kubisha hodi?"

Ule mlingoti haukusimama tena.

Mwanangu, sikwambii umwamini kila mtu. Dunia ina wabaya wake, nami nimewaona. Lakini jambo la jirani likikutia shaka, anzia mlangoni kwake. Msalimu, keti, umuulize. Shaka ikitangulia kwa wakubwa, ukweli hufika watu wameshaumia.

Mungu akujaalie majirani watakaokubishia hodi kabla ya kukusema, nawe akujaalie kuwa jirani wa namna hiyo. Amin.