Makoa Watatu Niliowapeleka Kanga

Mwezi uliopita nilimpeleka mwanangu zahanati kuchomwa sindano. Muuguzi alipompangusa mkono kwa pamba yenye spiriti, ile harufu kali ilinirudisha kijijini kwetu Kiegeani, kwenye baraza ya nyumba yetu, nina miaka kumi, nimechutama mbele ya kichupa. Ndani yake alikuwa amelala mnyama wa kijani, mdogo kuliko ukucha wa kidole changu cha mwisho. Mwanangu alilia, mimi nikatabasamu, na muuguzi akanitazama kama mama asiye na huruma.

Miaka ile hifadhi ya bahari ilikuwa imeshazoeleka kwetu. Watu wa kupima hiki na kuhesabu kile walikuja wakaondoka. Dada Tumaini yeye alikaa. Alikuwa binti wa bara, mwanafunzi wa chuo, na mama alimpa chumba cha uani. Alichunguza makoa wa baharini, yaani konokono wasio na nyumba mgongoni. Siku yake ya kwanza pwani, wanawake wanaolima mwani walimkuta amepiga magoti majini, uso karibu unagusa mchanga, wakadhani kaangusha hereni. Watu wazima sita wakaacha kazi zao wakainama kumsaidia kuitafuta. Alipowaambia anatafuta konokono, tena mdogo, tena asiyeliwa, walicheka mpaka jirani yetu Bi Mwajuma akakaa kwenye maji.

Mimi sikucheka sana, kwa sababu nilikuwa nawajua. Kwenye kamba za mwani za mama huota majani mengine membamba, ya kijani, ambayo kazi yangu ilikuwa kuyang'oa. Humo ndimo walimokuwa: vijani vidogo vilivyokunjwa katikati, na ukivitazama kwa subira, vinatembea. Nilimpelekea Dada Tumaini mmoja kwenye kiganja. Alimwinamia mpaka pumzi yake ikanigusa kiganja. Kisha akaniuliza polepole, kalamu mkononi.

"Umemtoa wapi, Saumu?"

"Kwenye kamba za mama."

"Na kwingine wapo?"

"Kwingine hawapo," nikasema.

Nitawaambia ukweli: kwingine sikuwa nimeangalia. Nilitaka tu kamba za mama ziwe na kitu ambacho za mtu mwingine hazina. Yeye akaandika, akamtia koa kwenye kichupa cha spiriti, akaniambia kazi zake sasa ni mbili: kujua huyu ni nani hasa, na kujua anaishi toka wapi mpaka wapi.

Haikupita wiki maneno yakafika kisimani. Bi Mwajuma, aliyejua habari kabla hazijatokea, alisema amesikia kwamba akipatikana mnyama asiyekuwapo mahali pengine, pale mahali huzungushiwa maboya, na mtu haruhusiwi hata kutia mguu. "Basi na mwani wetu ndio mwisho," akasema. Hakunitazama, lakini wenzake walinitazama. Mama alichukua ndoo yake akaondoka. Mbegu za mwani alizokuwa amezikata tayari kwa kamba mpya aliziacha kwenye beseni uani, siku ya kwanza, ya pili, ya tatu, mpaka zikageuka nyeupe na kulainika. Kila nilipopita pale niliona kazi ya mdomo wangu.

Siku chache baadaye bibi alikuwa anakwenda kijiji cha Kanga, kwenye arobaini ya mtoto mchanga wa mama mdogo, nami nikapangwa kufuatana naye. Ndipo nilipopata akili, au niliyodhani ni akili. Asubuhi, maji yakiwa yamekupwa, nilitoa makoa watatu kwenye kamba, nikawatia katika kopo la maziwa ya unga pamoja na maji ya bahari, nikafunika kwa kitambaa. Garini kila shimo la barabara lilimwagia khanga ya bibi matone mawili matatu.

"Umebeba nini humo?" akauliza.

"Chambo, bibi."

Akaridhika. Kwetu mtoto kusafiri na chambo si jambo la kushangaza. Kanga, wakati wageni wanakula pilau, nilichepuka pwani nikawamimina kwenye kidimbwi cha mawe chenye majani ya kijani. Niliporudi nyumbani nilikwenda moja kwa moja uani.

"Shikamoo, dada. Wale makoa nimewaona Kanga pia."

"Marahaba. Wangapi?"

"Watatu."

Nilitegemea ataandika, mambo yaishe. Badala yake alifurahi, akaenda kwa mama kuniombea ruhusa. Keshokutwa yake tulipakizana kwenye pikipiki kwenda Kanga, nikamwonyeshe. Njia nzima nilisoma kila sura ya Kurani niliyofundishwa chuoni kwa maalimu. Nusu ya njia nilimwomba Mungu wale makoa wawe hai, nusu nyingine nikamwomba wawe wamekufa, maana sikujua lipi lingeniokoa.

Kwenye kidimbwi Dada Tumaini alipiga magoti kama kawaida yake. Mimi nilibaki nyuma. Akafungua daftari juu ya goti. Nilipoiona ile kalamu ikishuka, sikuweza.

"Dada, usiandike. Niliwaleta mimi. Kwenye kopo."

Aliinua kalamu. Akaniuliza niliwaleta lini, wangapi, na niliwamimina wapi hasa, nikamwonyesha kwa kidole. Akafunga daftari. "Basi hapa siwezi kuandika kitu," akasema, si kwa ukali. "Nikimkuta mmoja, sitajua ni wa kwenu au ni wa hapa." Nilisubiri tugeuke kurudi kwenye pikipiki. Yeye akasimama, akakunja suruali. "Twende mbele. Ng'ambo ya ile rasi kopo lako halikufika."

Tulitembea juu ya mawe makali mpaka upande wa pili. Kidimbwi cha kwanza hakikuwa na kitu, cha pili hakikuwa na kitu. Maji yalikuwa yameanza kujaa, yananiramba visigino. Nikaona majani membamba yale yale niliyozoea kuyang'oa, yameota ukingoni mwa jiwe. Niliyapekua kwa ncha ya kidole. Jani moja likatembea. Chini yake alikuwapo mwingine, na wengine wadogo kama punje ya mchele, na kando kuna utepe mweupe umejizungusha kama kamba ya mshipi wa kuvulia.

"Mayai," akasema Dada Tumaini nyuma yangu. "Hawa ni wenyeji hapa, Saumu. Hawa hukuwaleta wewe."

Nilikaa palepale majini na gauni langu zuri, nikalia mpaka kifua kikawa chepesi. Ndipo nikamuuliza kama mashamba ya mwani yatafungwa. Alishangaa. Hakuwa amesikia neno lolote la maboya. Akaniambia picha ya koa kama huyu ameiona kitabuni, amepatikana hata kwenye visiwa vya mbali sana, ng'ambo ya bahari. Watoto wake huelea majini kabla ya kutulia kwenye jani. Alichokuwa hajui ni kama ndiye yeye, na kama yupo pwani zetu. "Hakuna anayemfungia mama yako bahari kwa ajili ya huyu," akasema. "Ila usihamishe tena mnyama. Ungeniharibia ramani yote. Na nyumbani utasema mwenyewe."

Nilisema mwenyewe, jikoni, mama akikuna nazi. Alisikiliza mpaka mwisho, mbuzi ya kukunia imetulia. Kisha akauliza, "Kwa hiyo wapo mpaka Kanga?" Nikasema wapo. Akavuta pumzi ndefu, kama mtu aliyetua mzigo wa kuni. "Kesho tuamke mapema," akasema, "tukakate mbegu nyingine." Jioni ile nilimsikia anamhadithia Bi Mwajuma kupitia ua wa makuti, na wote wawili wakacheka, hasa pale penye chambo cha bibi.

Kwa miaka mingi nilidhani siku ile niliokolewa na vile vijani vya upande wa pili wa rasi. Sasa nina watoto wangu, nao wananidanganya kama watoto wote, na mara nyingi hata wakija kusema kweli nawauliza mara tatu. Ndipo ninapomfikiria Dada Tumaini pale kidimbwini. Alinikuta mwongo, na hapohapo akaniamini. Alifunga daftari lake kwa neno langu tu, akalitumia neno hilo kuamua wapi pa kutafuta, kama neno la mtu mzima anayeijua kazi yake. Nami nikamfuata juu ya mawe nikiwa sina tena hofu ya kumtazama.