Togwa ya Jirani

Juzi nilisikia harufu ya togwa ya ulezi, nikarudi kwa mawazo utotoni Kasulu, mlangoni kwetu. Jirani aliyekimbia kutoka Burundi amepiga goti na kibuyu, anaonja kwanza mbele yetu, kama desturi inavyotaka, tujue hakina sumu. Mama alikipokea kwa mikono miwili. Jirani alipoondoka, togwa yote ilimwagwa kwenye mgomba nyuma ya jiko, sisi watoto tukimeza mate.

"Mchawi haonji sumu yake," mama alituambia. "Anaonja upande wake wa kibuyu."

Mgomba ulinenepa, ukazaa. Mama alitukataza kula ndizi zake. Mkungu mzima akampelekea jirani.

Kesho yake jirani alikuja akicheka. "Ndizi zenu tamu, dada. Mnazitilia nini?"

"Samadi tu," mama akajibu, akapokea kibuyu kingine.