Njoroge Hakushindwa na Baridi

Mpaka saa hii akili yangu inakataa. Jumatatu jioni Njoroge alinitumia meseji nimshikie kiti kwa mkutano wa kesho yake, na nikamshikia. Asubuhi hiyo alianguka kwake Waithaka akipiga pasi shati. Daktari alisema ni moyo.

Kwa wasiomjua, alikuwa mwenzangu kwenye ofisi yetu ya safari hapa Westlands karibu miaka saba. Ndiye alinifundisha kazi, kuanzia kujaza fomu za visa hadi kumtuliza mteja aliyepoteza begi.

Na alikuwa na mdomo! Siku yangu ya kwanza nilikuja na tai. Akaniuliza, "Buda, umepata interview ingine ama?"

Tangu juzi nasoma WhatsApp group ya ofisi. Kila mtu anaandika RIP, halafu anaongeza ile story ya Greenland, vile Njoroge alikimbia baridi akamkosesha mteja mnyama wake. Wenzangu, mnacheka kwa upendo, najua. Lakini si kweli, na mimi nimejua hivyo miaka sita nikanyamaza.

Ilikuwa hivi.

Mteja wetu mmoja, mzee wa pesa zake, alitaka kuwinda mnyama mkubwa kwenye theluji. Kwetu Kenya uwindaji ni marufuku, kwa hivyo boss akampangia Greenland, msimu wa baridi kali, na kiongozi mwenyeji wa huko. Njoroge akatumwa kama team leader. Mimi nikawa msaidizi, bado niko kwa probation.

Boss hakutuzungusha. "Mzee akikosa mnyama kwa makosa yenu, msirudi hapa."

Kujaribu jaketi, tuliomba rafiki yetu wa bucha atufungie kwenye cold room yake. Njoroge alisema tukae nusu saa. Dakika ya nane yeye ndiye alikuwa wa kwanza kugonga mlango, na hapo sitamtetea.

Alibeba pakiti mbili za unga mpaka Greenland. Akasonga ugali kwenye kibanda tulicholala, na Pavia, kiongozi wetu, akala na nyama ya sili, yule mnyama wa baharini, akaomba aongezewe.

Pavia alikuwa mtu wa maneno machache. Alitaka buti za kila mtu ziwe na nafasi ndani, na mtu akiacha kuhisi miguu aseme hapo hapo, wote turudi.

Sasa mimi nimelelewa Limuru. Kwetu baridi ikizidi unaongeza soksi. Siku ya tatu nikavaa pea nne, nikalazimisha buti zifunge, nikajiona mjanja.

Kumbe buti ikibana, damu haifiki vidoleni. Kufikia saa nne asubuhi sikuwa nahisi kitu. Nikanyamaza, kwa sababu nani angetaka kuwa yule wa probation aliyemrudisha mzee?

Tukampata mnyama, dume moja la musk ox, kama nyati aliyejifunika blanketi. Pavia akasema tunahitaji kama saa moja zaidi kumkaribia bila kumshtua. Mzee alikuwa anatetemeka kwa furaha.

Njoroge akageuka, akaangalia vile natembea.

"Miguu iko?"

"Iko."

"Wacha kunibeba ujinga. Unaihisi ama huihisi?"

Nikatikisa kichwa. Nilikuwa naogopa kupoteza vidole, na nilikuwa naogopa kupoteza kazi, na sijui hofu gani ilikuwa kubwa.

Akaenda mbele kwa mzee. "Nisamehe, mzee wangu. Baridi imenishinda. Mimi siwezi kuendelea, turudi."

Mzee alimtukana njia nzima. Njoroge alikuwa anasema "pole" tu.

Pavia hakudanganyika. Tulipofika kibandani alinivua buti, akahesabu soksi, akatuangalia wote wawili. Kisha akainua sweta ya Njoroge na kuweka nyayo zangu kwenye tumbo lake. Njoroge akaruka! Halafu akatulia, akasema, "Hata bibi yangu sijawahi kumruhusia hii."

Alikaa hivyo mpaka nikaanza kusikia maumivu. Vidole vyangu vyote kumi ninavyo leo.

Kesho yake dhoruba ilianza, na haikuisha hadi siku ya ndege. Mzee alirudi Nairobi mikono mitupu.

Report aliandika Njoroge mwenyewe, kwamba ni yeye aliyeshindwa. Nikamuuliza kwa nini. "Wewe hawajakuconfirm. Mimi hawawezi nifuta." Nikasaini chini yake.

Kweli hawakumfuta. Walimkalisha kwa dawati, na hakuongoza safari tena, mtu aliyependa field kuliko mshahara. Nafasi yake nilipewa mimi, na niliichukua.

Mlipoanza kumwita Friza alicheka na nyinyi. Mimi pia nilicheka. Hiyo ndiyo inaniuma zaidi.

Jana nilienda Waithaka kwa mama yake, nimejipanga kukiri. Akaniuliza naitwa nani. Nikasema Kimani. Akanishika mkono.

"Ni wewe wa vidole? Vilipona? Njoroge alinipigia simu kutoka huko akasema nikuombee. Na sijawahi kuacha."

Nilikaa kwenye kiti cha plastiki nikamwambia yote, report, kazi, lile jina. Kisha akasema, "Umeniambia mimi. Sasa ambia hao wengine."

Ndiyo maana naandika. Boss, najua unasoma. Nilisaini uongo. Kesho asubuhi nakuja ofisini kwako, uamue utakavyo.

Njoroge, umebeba aibu yangu miaka sita na hukuniuliza hata siku moja nitaichukua lini. Naichukua leo, ndugu yangu. Umechelewa kusikia, na kosa ni langu.

Lala salama, na jina lako likiwa safi.