Nywele za Nimo na Jicho la Eeddo

Siku yangu ya kwanza kazini sikushika kitana. Nilishika ufagio. Saluni yenyewe ilikuwa chumba kimoja nyuma ya duka la vitambaa mjini Garissa, na mlangoni palikuwa na pazia zito ambalo hakuna mwanamume aliyethubutu kuligusa, kwa kuwa wateja wetu walivua hijabu wakiwa ndani tu. Mwenye saluni tulimwita Eeddo. Ndivyo Wasomali tunavyomwita shangazi, na ingawa hakuwa shangazi yangu wa damu, kila aliyefanya kazi chini yake alimwita hivyo.

Nilikuwa nimetoka shule, na kwa vile nilikuwa nikiwasuka dada zangu nyumbani, nilijiona fundi. Eeddo aliniacha nifagie asubuhi nzima bila kuniambia neno. Nilipoinama kuzoa taka nizitupe, akanizuia.

"Bole bole, Habiba," akasema. Kiswahili chake kilikuwa cha huku kwetu, p ikitoka b. "Hii nywele ya chini iko namna mbili. Angalia, uniambie."

Niliona namna moja tu, nyeusi. Akanivuta dirishani, akatandika kitambaa cheupe na kupanga nywele chache juu yake. Zile ndefu zilikuwa na kijivimbe cheupe kwenye ncha moja, kidogo mno. Hizo, akanieleza, ni nywele zilizong'oka na mzizi wake kwa sababu muda wao umekwisha, na mpya zitaota pale pale. Zile fupi hazikuwa na kijivimbe chochote. Hizo zilikatika njiani.

"Mteja akikuambia nywele yake imekataa kukua, wewe usikimbie mafuta," alisema. "Tafuta bahali inakatika."

Nyinyi vijana mnaokuja kwangu na simu zenu, mkinionyesha chupa za mafuta ya kila nchi, ningependa mkae na maneno hayo kidogo. Mtu akifuga nywele hufika mahali zikasimama. Mwingine ni shingoni, mwingine begani, mwingine kifuani. Anangoja mwezi baada ya mwezi na urefu ni ule ule. Sisi kazini tulikuita huko kukwama. Kila kichwa kina kikomo chake alichokipanga Mungu, hilo sikatai, lakini wengi hukwama kabla hawajakifikia. Mzizi unatoa na ncha inapoteza, ni kama kujaza maji debe lililotoboka.

Eeddo alinifundisha pia jinsi ya kuupima ukuaji kwa hina. Unaipaka hina safi, ile ya majani matupu, kutoka mzizini mpaka nchani, halafu unangoja majuma kadhaa. Nywele zilizopakwa zitabaki na wekundu wake, na kama mzizi unafanya kazi, weusi mpya utajitokeza chini yake. Tuliuita mstari wa hina. Wakati huo niliuona ni mchezo tu wa kuwafurahisha wateja.

Baadaye niliolewa Wajir, nikaajiriwa huko kwenye saluni iliyokuwa chini ya Msimamizi mmoja mwenye asili ya Lafey, mwanamke mkali asiyecheka kabla ya adhuhuri. Maji ya visima vya Wajir yana chumvi. Nywele nilizokuwa nimezoea kuzishika Garissa, kule zilikuwa kavu na zenye kukwaruza mkono. Msimamizi alikuwa akiweka pembeni jerikeni la maji ya mvua, na hayo ndiyo yaliyotumika kusuuzia mara ya mwisho, kikombe kwa kikombe. Siku moja nilisuuzia kwa maji ya kisima kwa uvivu. Akanishika mkono mbele ya mteja akaniambia kwamba kinyozi wa kwanza wa Wajir ni maji, na yeye hakuniajiri nimsaidie huyo kinyozi. Nilichukia siku hiyo. Leo namshukuru.

Mume wangu alipofariki nilirudi Garissa, nikakodi chumba changu mwenyewe. Nilipokwenda kumsalimia Eeddo nilikuta saluni yake haina mtu. Viti vilikuwa vimefunikwa kwa shuka, na yeye amekaa karibu na pazia, amezeeka. Nilimsalimu, naye akaitikia akiangalia sakafu. Nikadhani amenikasirikia kwa kufungua chumba changu.

Jirani yake muuza chai ndiye aliyeniambia. Eeddo alikuwa na kaka, na kaka huyo alikuwa na binti aitwaye Nimo, aliyejaliwa nywele nzito. Miaka michache nyuma, kwenye sherehe ya Idi, Eeddo alimpapasa kichwa mpwa wake akasema, nywele hii itafika kiunoni. Hakutanguliza kusema mashallah. Tangu mwaka huo nywele za Nimo hazikupita begani. Mama yake Nimo akasema wifi yake ana jicho baya, na lisemwalo huku kwetu husafiri haraka kuliko lori la mbuzi. Wateja wakaacha kuja. Wanawake wakawa wanawafunika watoto wao Eeddo anapopita njiani. Kaka yake alikuwa hajakanyaga kwake tena.

Sasa, jicho lipo. Tumefundishwa hivyo na ninaamini hivyo. Lakini nilimjua yule mwanamke, na nilitoka pale na hasira.

Haikupita muda, Mama Nimo akaja kwangu mwenyewe, binti yake nyuma. Nimo alikuwa ameposwa na watu wa Buna, na harusi ilikuwa baada ya Ramadhani. Mnajua desturi yetu, siku ya saba baada ya harusi wanawake wa pande zote mbili hukusanyika wakamfunga bibi arusi shaash, kile kitambaa cha hariri cha mke wa mtu. Kabla hajafungwa, nywele zake hufunguliwa zikachanwa mbele ya wote. Mama Nimo alikuwa amewaambia wakwe nywele za binti yake ni ndefu. Alitaka nimshonee Nimo nywele za kuunganisha, kimya kimya.

Nilimkatalia. Kuunganisha nywele dini yetu inakataza, na kumdanganya mkwe siku ya saba ni kuanza ndoa kwa uongo.

"Basi mimi nitaambia watu Habiba ni mwanafunzi wa yule mwenye jicho," akasema. "Tuone nani atakuja kwako."

Nimo alikuwa kwenye kiti akijipindapinda vidole. Alikuwa mfanyakazi wa ofisi ya kaunti, mpole, na nilimwona akiinamisha kichwa shangazi yake alipotajwa. Hapo nikafanya jambo ambalo kama lingeniharibikia lingemwangusha Eeddo moja kwa moja. Nilimwambia Mama Nimo nitampaka binti yake hina. Kama jicho limezisimamisha nywele, mizizi itabaki miekundu. Kama zinakua, weusi utaonekana, na yeye atanyamaza kuhusu wifi yake.

Alikubali upesi mno, nikampaka Nimo hina siku hiyo hiyo, na mama yake aliposhuka ngazi alikuwa tayari anawaambia wenzake. Ramadhani nzima nilifunga kwa wasiwasi. Nimewahi kuona vichwa ambavyo kweli nywele zimesimama mzizini, kwa maradhi au kwa damu kupungua. Kama Nimo alikuwa na ugonjwa ndani yake, mizizi ingebaki miekundu kweli, na ningekuwa nimemhukumu mwalimu wangu kwa mikono yangu. Msikitini wanawake walikuwa wakiniuliza kama hina imeshika. Eeddo mwenyewe alinitumia ujumbe kwa mdomo wa muuza chai, kwamba niache, amezoea.

Baada ya Idi walikuja, na Mama Nimo hakuja peke yake. Alileta wanawake wawili wa mtaa wake wawe mashahidi. Nilimkalisha Nimo dirishani penye jua. Alivua hijabu, kisha kofia ya kitambaa ya ndani, kisha akafungua mpira uliofunga nywele. Nilipitisha mkia wa kitana katikati ya kichwa chake.

Weusi ulikuwepo. Ulikuwa safi, kuanzia utosini mpaka nyuma ya masikio, na wekundu ukianzia juu yake. Mmoja wa mashahidi akasema alhamdulillahi. Mama Nimo akainama akaangalia kwa karibu, akaangalia tena upande wa pili.

"Kama inakua," akauliza, "inaenda wapi?"

Nilichukua ile kofia ya ndani, nikaigeuza na kuikung'uta juu ya kitambaa cheupe. Zilimwagika nywele fupi fupi. Niliwapa wale wanawake wazitazame moja moja, na hakuna hata moja iliyokuwa na kijivimbe cheupe. Zote zilikatika mahali pamoja, pale mpira ulipobana. Nikamuuliza Nimo anajitayarisha vipi asubuhi. Akaniambia huoga, na nywele zikiwa bado maji hufungwa kwa mpira, ukazungushwa mpaka usilegee, kofia juu, hijabu juu, mpaka jioni. Hata nyumbani hafungui. Hata kulala.

"Kwa nini hata nyumbani?" nikamuuliza.

Nimo alimtazama mama yake.

"Mimi ndio namfunga," Mama Nimo akasema polepole. "Tangu ile Idi. Niliogopa mtu mwingine asione."

Kikulacho ki nguoni mwako, tunasema, na hapa palikuwa na mama aliyekuwa akiifunga nguo yenyewe kila siku kwa mapenzi. Kadiri alivyomficha mtoto na jicho, ndivyo alivyozidi kukata. Alikaa chini kwenye mkeka wangu, akaanza kulia, na nilimwonea huruma ingawa dakika chache nyuma nilitamani kumfukuza.

Aliniomba nizikate zile ncha zilizochanika, hata kama harusi iko karibu, hata kama zitapanda juu ya bega. Nilimwambia mkasi ninao lakini sitaushika. Binti ana shangazi fundi, na shangazi anaitwa na wenye nyumba.

Mama Nimo alichukua siku kadhaa kabla ya kwenda kumwita Eeddo. Nilidhani hatakwenda. Kisha alasiri moja pazia langu likasogea, akaingia Mama Nimo, na nyuma yake Eeddo, ambaye alisimama pale pale mlangoni na macho chini. Nimo alikuwa ametangulia kufika, ameshakaa kitini kichwa wazi.

"Mfunike kwanza," Eeddo akasema. "Mashallah, mashallah. Mfunike, mimi nitakata kwa kuguza tu."

Sijawahi kusikia neno lililoniuma hivyo katika kazi yangu yote. Fundi aliyenifundisha kutazama alikuwa anaomba kukata bila kuona. Mama Nimo alimshika mkono akamvuta hadi kwenye kiti.

"Tazama, abaayo," alimwambia, yaani dada. "Ni mimi niliyekosa."

Eeddo alikata. Zilipungua upana wa vidole vichache, na hakuinua macho juu ya mkasi hata mara moja. Alipomaliza alisema mashallah tena, akavaa viatu akaenda zake. Siku ya saba nywele za Nimo zilifunguliwa mbele ya wakwe, fupi na nzima, na mama yake akawaambia kwa mdomo wake kwamba aliwadanganya. Mama mkwe akacheka, akasema huko Buna wanaoa msichana, hawaoi kitana. Eeddo alialikwa. Alikaa pembeni na kutazama mkeka.

Sasa nimestaafu, vidole vimeanza kukataa. Kazi hii imenipa chakula na imenipa maneno ya watu, na maneno ndiyo yaliyonichosha zaidi. Vijana, mteja akikwama fagieni kwanza, muangalie mlichofagia. Sina siri nyingine.

Mwaka huu Nimo amerudi kwa mama yake kujifungua. Nywele zake sasa zimeshapita mgongoni, lakini hizo ni za mumewe kuziona. Mnajua kwetu mtoto mchanga huwekwa ndani siku arobaini, amefunikwa uso, na mgeni hamwoni. Nilikwenda kumpongeza, arobaini haijatimia, nikamkuta Eeddo amekaa karibu na mlango akiangalia vidole vya miguu yake. Mama Nimo alitoka chumbani na mtoto mikononi, akampita kila mtu, akampakatisha Eeddo. Kisha akaondoa kitambaa usoni mwa mtoto, na akarudi jikoni kuangalia chai.

Eeddo alisema mashallah kwa sauti ndogo. Akainua macho, akamtazama mtoto, na akaendelea kumtazama mpaka chai ikaletwa.