Vocha ya Kunyamazia

Nilipoolewa, shangazi wa mume wangu alinikalisha jikoni akanipa sheria moja, akasema nyingine nitajifunza kwa kukosea. Baba mkwe na mke wa mwanawe hawaonani. Ukimwona njiani, unaiacha njia. Akiingia kwa mlango wa mbele, wewe unatoka kwa wa nyuma. Humpi mkono, humtaji jina, humsemeshi, naye hakusemeshi. Ndiyo heshima ya Wandali wa kule kwao Ibaba. Kanisani walikuwa wameanza kuilegeza, lakini baba mkwe wangu alikuwa mtu wa zamani na alitaka apewe heshima yote, bila punguzo.

Niliikubali sheria ile palepale, na wanaonijua sokoni wangeshangaa, maana sijawahi kukubali bei ya kwanza. Lakini nilikuwa nimeshapiga hesabu. Sisi tulikaa Tunduma, yeye alikaa juu milimani, mwendo wa siku nzima kwa lori wakati wa mvua. Kumkwepa mtu aliye mbali hivyo hakuna gharama. Miaka mitatu nilimheshimu bure.

Kisha simu za mkononi zikafika hadi Ibaba, na heshima ikaanza kulipiwa kwa dakika.

Nianze na viazi, maana bila viazi nisingekuwa na haja ya kupiga simu. Mama mkwe alikuwa na kishamba chake mwenyewe cha viazi mviringo, na alikuwa na jiko la nyasi lililovuja mpaka ugali ukawa unarudi kuwa uji mbele ya macho yake. Alitaka bati. Hela ya mahindi na ya pareto ilipitia kwenye koti la baba mkwe, na kilichoingia kwenye koti lile hakikuwahi kutoka kikiwa bati. Hela ya viazi ndiyo ilikuwa yake. Yeye anapakia magunia kwenye lori, mimi nayapokea Mpemba, pale njia ya Ileje inayoshuka kutoka kwao inapokutana na barabara kuu, nayauza Tunduma kwa wakaanga chipsi na kwa Wazambia wanaovuka na kwacha zao wakiniita ba mayo, yaani mama, ili niwapunguzie. Siwapunguzii.

Shida ni kwamba lori lile halikuwa na siku. Lilishuka likijaa. Ukiwa hujafika Mpemba wakati linashusha, madalali wa pale wana huruma kubwa na gunia lisilo na mwenyewe. Wanaliuza wao, kwa bei wanayoijua wao, halafu wanakupa pole. Pole hiyo tulikuwa tumeshapewa mara mbili, na haiezeki jiko. Utingo wa lori huwezi kumtuma akuletee habari, kwa sababu anayemnunulia soda ni dalali.

Basi nikamnunulia mama mkwe simu ya tochi. Tukakubaliana: lori likianza kupakia, ananibipu. Simu yangu inalia mara moja, anakata, hakuna aliyelipa, mimi nakwenda Mpemba. Nilijisifu sana kwa mpango ule. Ulifanya kazi mara moja.

Nyumbani kwao mtandao haukushika. Ulishika juu kilimani, baba mkwe alikokuwa akichunga ng'ombe. Kwa hiyo simu ikapanda kilimani, na kule kilimani ikaingia kwenye koti.

Sikuwa na habari. Siku zilipopita bila bipu, nikapiga.

"Haloo," ikasema sauti ya mwanamume.

Nilikuwa nimesimama katikati ya soko. Nikatafuta njia ya kumpisha, nikaikosa. Simu haina mlango wa nyuma.

"Haloo. Nani? Sema."

Nikakata. Nikaangalia salio, shilingi mia na ishirini zimeondoka. Nikaangalia tena, labda zimerudi. Kumbe ukianza dakika umeilipia yote, hata kama umeitumia kuhema tu.

Nikaona afadhali nami niwe nabipu, baba mkwe amwambie mkewe kwamba Tunduma wanamtafuta. Lakini mzee yule alikuwa na mikono ya kipa. Simu haijamaliza mlio wa kwanza, ameshaidaka. Nilisikia baadaye kwamba alijitapa kijijini, "Mimi sibipiwi." Kweli hakubipiwa, na kila alipodaka, mia na ishirini yangu ilikwenda.

"Si umpigie wewe," nikamwambia mume wangu. "Ni baba yako."

Akapiga. Wakasalimiana. Wakauliziana ng'ombe, mvua, kanisa, goti la baba mdogo, kisha ng'ombe tena, mmoja mmoja. Mume wangu alipofika kwenye, "Na mama je, vile viazi...", vocha ikaisha. Akanirudishia simu yangu kwa heshima kama mtu anayerudisha sufuria tupu.

Ujumbe wa maandishi usiniulize. Mama mkwe hakujua kusoma, na kumwandikia baba mkwe ni sawa na kumshika ndevu.

Nikaenda kwa dada aliyekuwa akiuza vocha chini ya mwamvuli karibu na mpaka. Alikuwa Mnyiha wa Mbozi, anazijua bei zote za simu kwa kichwa.

"Dada, unaongea sana au kidogo?"

"Siongei kabisa."

"Sasa vocha ya nini?"

"Ya kunyamazia."

Akanitazama kama anayepima wazimu wangu ni wa kilo ngapi. Nikamweleza. Mambo ya ukwe aliyafahamu, kwa hiyo hakunicheka usoni. Aligeukia upande wa Zambia akacheka huko.

"Kuna kifurushi cha siku," akasema aliporudi. "Mia tano, dakika ishirini, mwisho saa sita usiku."

"Na zikibaki?"

"Zinakufa."

"Yaani ninunue dakika halafu niziwekee matanga."

"Basi baki kwa dakika, mia na ishirini. Au kuna kwa sekunde, shilingi nne. Ukikata imekatika."

Nikahesabu kwa vidole, kisha kwa kalamu yake. Ukikata kabla ya nusu dakika, sekunde inakuokoa. Ukivuka nusu dakika, sekunde inakutafuna. Mimi kazi yangu ilikuwa kusikia haloo na kukata, labda siku moja mama mkwe awe ndiye amepokea.

"Niweke kwa sekunde. Na vocha ya elfu nipe kwa mia tisa na hamsini."

"Dada, imeandikwa elfu."

"Hata kiatu kimeandikwa arobaini na mbili."

Hakunipunguzia, ila alinikwangulia vocha bure kwa kucha zake. Nikaihesabu hiyo kuwa punguzo.

Nikapiga. Baba mkwe akadaka. Kidole changu kilikuwa tayari kwenye kukata niliposikia hasemi haloo.

"Wewe mbwa," akasema.

Kidole kikasimama.

"Wewe mbwa, ungekuwa na akili ungeteremka Tunduma ukawaambie lori linapakia leo. Magunia manne ya yule mama, ameyashona kwa kamba nyekundu. Lakini wewe kazi yako ni kulala."

Akakohoa, akakata mwenyewe.

Nilikaa juu ya gunia la mtu. Mzee alikuwa amejua muda wote ni nani anayenyamaza. Na hakuwa amenisemesha. Alisema na mbwa wake, kilimani kwake, na kama kuna mtu Tunduma anategea sikio maongezi ya mtu na mbwa wake, hiyo ni tabia mbaya ya huyo mtu. Sheria ilikuwa nzima, haina hata mkwaruzo.

Mpemba nilifika kabla ya lori. Magunia manne yakashuka, kamba nyekundu.

"Mama, leo umeoteshwa?" dalali mmoja akaniuliza, uso umemshuka.

"Nimeambiwa na mbwa."

Kuanzia hapo viazi havikupotea tena, na mama mkwe akaanza kuulizia bei ya bati. Lakini mbwa naye akawa anaambiwa mengi. Aliambiwa habari za ndama. Aliambiwa mhubiri amerefusha ibada, na kwamba mjukuu aliyeko Tunduma asikatwe nywele wakati wa baridi. Nami shilingi nne, nne, nne, zinatoka kama maji ya jiko la nyasi. Nikarudi kwenye mwamvuli.

"Unahama tena?"

"Nirudishe kwa dakika. Mzee amekolea."

Mume wangu, kwa mdomo wake, akamweleza baba yake kwamba dakika ikianza imelipiwa. Tangu siku hiyo mbwa hakuachwa mpaka dakika inakaribia kugonga, na hapo mzee anakata. Hakuacha hata tone. Nilianza kumpenda kidogo mtu yule.

Ndipo likaja gunia la tano.

"Wewe mbwa," akasema, "safari hii kuna magunia matano. La tano lina kamba nyeusi. Hilo si la mama, ni la mwenye koti. Ni la lumbesa, limejaa mpaka limeota shingo. Waambie Tunduma bei ni elfu arobaini, mwenyewe hapunguzi."

Mimi gunia nilikuwa naliuza elfu arobaini na mbili, na hapo sijatoa nauli na mbebaji. Nikafungua mdomo, nikaufunga. Nimewahi kupatana bei ya jeneza. Nimewahi kupatana na fundi meno huku amenishika taya. Leo mtu ananitajia bei mbaya sikioni na sina ruhusa ya kusema hata "hee".

Neno pekee nililokuwa nalo lilikuwa kukata. Nikakata.

Yeye vocha hakuwahi kuwa nayo, kwa hiyo alisubiri. Nikapiga.

"Wewe mbwa, mtandao wa Tunduma una kiburi. Thelathini na nane."

Nikakata. Nikapiga.

"Thelathini na sita. Hata wewe mbwa unaona hii ni dhuluma."

Nikakata. Nikapiga.

"Thelathini na tano. Na gunia limeshapanda lori. Likirudi, nauli anailipa mkataji."

Sikukata. Nikatulia kama mwali anayeulizwa mbele ya wazee kama mahari ipokelewe, na wote wanajua ukimya wake maana yake nini.

"Haya," akamwambia mbwa, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyefurahia soko.

Nikaangalia salio. Simu nne, dakika nne, mia nne na themanini, kwa maneno ambayo yangeenea kwenye dakika moja na mabaki ya kusalimiana. Nikaenda kwenye mwamvuli. Dada wa vocha alikuwa ameshaniona kwa mbali, ameshika kichwa.

"Kwa sekunde," nikasema. "Anayenyamaza akisikiliza, dakika inamfaa. Anayenyamaza akikata, sekunde."

"Na anayeongea?"

"Huyo atajijua."

Gunia la kamba nyeusi lilipofika nililimimina. Nikalipima kwa debe, nikalipima tena. Debe sita, hakuna lumbesa. Ile shingo ilikuwa majani makavu yaliyoshindiliwa mdomoni kama mashavu ya mpiga tarumbeta.

Mama mkwe alishuka mwenyewe wiki hiyo kununua bati. Aligonga kila moja kwa kidole, akisikiliza, akakataa mbili, nikajua kwa nini tunapatana. Zilipokuwa zimefungwa nikampa hela ya mumewe. Akaihesabu.

"Mbona haijatimia? Umekata nini hapa, mwanangu?"

"Majani, mama. Na vocha."

"Atauliza."

"Amuulize mbwa."

Lori lililofuata, nilipiga kama kawaida. Akadaka kama kawaida.

"Wewe mbwa, magunia matatu leo, kamba nyekundu. Jiko limeezekwa, halivuji." Nikasikia ng'ombe, na upepo wa kule juu. "Hela ilifika. Nimeihesabu mara mbili. Ya majani sina neno, majani ni majani. Lakini mia nne na themanini ni ya nini? Nani alimtuma mtu akate-kate simu?"

Upepo ukavuma. Shilingi nne, nne, nne.

"Mimi naweka sikio hapa," akamwambia mbwa. "Kama kuna mwenye jibu."

Jibu nilikuwa nalo, zuri, lenye hesabu yake. Lakini baba mkwe hasemeshwi.