Mpigo Kutoka Shimoni

Mideva alikuwa mwanamke fundi wa kushona sare za shule mjini Kakamega, na mwaka 1994 alipiga gitaa la besi katika bendi iliyoitwa Ngurumo. Walikuwa watatu: yeye, Ignatius wa gitaa la kwanza, na Phineas wa ngoma. Walipiga roki, muziki wa kelele na huzuni, ilhali mji mzima ulitaka rumba. Kwa kukosa ukumbi walifanyia mazoezi kwenye banda la mabati, kando ya shimo lililoachwa na wachimba dhahabu wa enzi za wakoloni. Umeme walitoa kwenye betri za gari.

Jumamosi moja, mvua ya alasiri ilipokatika, Phineas aliinua vijiti kumaliza wimbo. Mpigo ukaendelea. Mara tatu, kimya, mara tatu tena, kutoka chini.

"Ni mwangwi tu," Ignatius akasema.

"Mwangwi wa nini? Mimi sijapiga hivyo!" Phineas akafunga ngoma zake, akaondoka.

Ignatius yeye alifurahi. Alitunga wimbo juu ya mpigo ule, na shimo likawapigia kila walipokuja bila kukosea. Mideva alipiga besi huku akitazama mlango. Lakini hawakuwa wamewahi kuwa na wimbo mzuri kama ule, kwa hiyo alirudi.

Kisha mpigo ukaanza kuwasubiri. Wakifungua mlango tu, unaanza.

Siku moja mwenye shamba, bibi kizee Rosebella, aliwaletea mahindi ya kuchoma. Aliposikia, sinia lilimponyoka.

"Nani amewafundisha hiyo?"

"Inatokanga huko chini, kukhu," Mideva akajibu, akimwita nyanya kwa Kiluhya.

Rosebella akaketi sakafuni. "Shimo liliporomoka nikiwa msichana. Wanaume wakabaki ndani, na kaka yangu Lazarus. Walikuwa wanagonga mawe hivyo hivyo ndio tuwasikie. Msimamizi akasema ni maji. Tukafukuzwa, tukaenda nyumbani. Hakuna aliyewalilia, hata matanga hawakufanyiwa."

Ignatius alizima spika mwenyewe.

Jumapili iliyofuata, jua likiwaka, majirani walijaa penye shimo kwa matanga yaliyochelewa. Phineas alibembelezwa akaja na ngoma zake. Ngurumo, ambao hawakuwa wamewahi kupigia watu, wakapiga wimbo wa maombolezo kwa magitaa ya umeme, Mideva akiongoza kuimba.

Katikati ya wimbo, sauti nzito za wanaume zikapanda kutoka chini, taratibu, zikifuata besi yake. Hakuna aliyekimbia. Rosebella aliinamia ukingo, akasikiliza.

"Huyo ni Lazarus," akasema, akaangua kilio kama cha mtu aliyefiwa asubuhi ile.

Mideva aliimba hadi sauti zikaisha moja moja, akabaki peke yake.

Shimo halikugonga tena. Ignatius alijaribu miezi kadhaa kuucheza wimbo wake bila mpigo ule, ukamshinda, na bendi ikafa. Mideva aliolewa Lumakanda, akafungua kibanda cha kushonea. Besi aliiuza. Mumewe husema kwamba akiwa kwenye cherehani hakubali kuimba, hata wimbo wa kanisani, mpaka mtu mwingine aanze.