Bwana Ngazi

Wako wanaouza samaki na wako wanaouza maneno, na pale mtaa wa Usagara, mjini pwani, miaka ile ya hamsini mkonge ulipokuwa ukiitwa dhahabu, alikuwako mwanamke aliyeuza nafasi za watu wasiokuja. Jina lake Mwamvua. Mdigo, mjane wa siku nyingi, mfupi, mwenye mikono isiyojua kutulia: kama haisuki ukili inakata kashata, na kama haikati kashata inachezea ncha ya kanga. Ukimpita barabarani ungesema mama huyu anaota macho wazi, wala usingekosea sana.

Pembeni mwa mtaa palikuwa na chuo cha walimu cha misheni, na ndani yake, nyuma ya ukuta mrefu wa mawe, uwanja wa mpira wa kikapu. Bradha mmoja mgeni ndiye aliyeuleta mchezo huo, na mji ukaupenda kama mji unavyopenda kitu kipya, yaani kwa fujo. Wanachuo walicheza kila Jumamosi alasiri, leo na timu ya bandarini, kesho na wageni wa kutoka bara. Mabenchi yalikuwa machache, kwa hiyo chuo kikawa kinauza kadi za msimu. Ukinunua kadi, nafasi yako benchini ni yako mpaka msimu uishe, uje usije.

Basi watu wakazigombea: makarani, wenye maduka, manyapara wa mashamba. Na binadamu mnamjua. Mwezi wa kwanza wote wamejipanga wamepaka mafuta. Mwezi wa pili huyu ana msiba Maramba, yule kahamishiwa kazi Horohoro, mwingine mkewe kanuna na hathubutu kutoka. Kadi zinalala kabatini, na nje ya lango watu wamesimama wakinyoosha shingo.

Mwamvua aliyaona hayo akiwa na sinia lake la kashata pale pale langoni. Akaanza kuzunguka nyumba za watu asubuhi ya Jumamosi.

"Hodi wenyewe! Leo mwaenda kikapuni, au kiti nimpe mtu?"

Asiyekwenda humpa kadi. Mwamvua humpata mtu wa kukaa siku ile, na mchezo ukiisha kadi inarudi mkononi mwake, na kabla ya magharibi imekwisha mfikia mwenyewe, na fungu lake la pesa, na kashata mbili juu. Hakupata kupoteza hata moja. Walikuwako waliomwita mlanguzi, lakini hao hao ndio waliokuja kumbembeleza siku ya timu ya bandarini.

Ajabu ni kwamba yeye mwenyewe hajaingia hata siku moja. Kila alipobakiwa na kadi alitokea mtu wa kuitaka, na hata asipotokea, aliona haya. Mama mwenye sinia, akakae na nani? Akawa anaketi nje, mgongo ameuegemeza ukutani, akiusikiliza mchezo. Alisikia miguu ikikimbia, filimbi, watu wakiguna. Kisha sauti zote kwa pamoja: "Kikapu!" Halafu kimya kidogo.

Kimya kile kilimchukua mbali. Mwamvua alikuwa msukaji wa vikapu tangu utoto, na alivitazama moyoni vikapu vile vilivyotundikwa juu, vya ukili mpana, wenye mistari myekundu iliyotiwa rangi ikakolea. Mpira umetupwa, umeingia, umetulia ndani. Sasa nani ataushusha? Lazima yuko mtu na ngazi. Wala hakuuliza. Nani tangu lini akauliza kama kikapu kina kitako?

Sasa palikuwa na mzee mmoja, Mzee Safari Mhina, Mzigua, aliyekuwa mpishi wa chuo kile mpaka alipostaafu. Alikuwa na kadi yake ya msimu, nafasi ya mwisho ya benchi la mbele, karibu kabisa na nguzo. Msimu ule maradhi ya kifua yalimlaza, akamwita Mwamvua awe anampa mtu nafasi yake. Jumamosi ya kwanza Mwamvua aliporudisha kadi alimkuta kalala kitandani, mkewe Bi Mwanasiti yuko chini mkekani anampepea.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Ee, nieleze. Umekwendaje mchezo?"

Mwamvua angeweza kusema, baba, mimi nakaa nje. Lakini macho ya mzee yalikuwa yakimtazama kwa njaa, na kinywa chake kikafunguka chenyewe. Akaeleza. Alieleza miguu aliyoisikia akaivika viatu, alieleza miguno akaipa nyuso. Alipofika kwenye ule ukimya hakuwa na budi kumleta mtu wa ngazi. Na kwa kuwa mtu hawezi kupanda bila kuwa na jina, akamwita Bwana Ngazi: mtu mnene, wa makamo, goti moja bovu, mwoga wa kwenda juu.

Mzee Safari alifumba macho. "Mwoga, eh?"

"Mwoga, baba. Akifika katikati asoma dua zote azijuazo. Watu wamshikia ngazi huku wacheka."

"Na mpira anautoa?"

"Autoa. Autia kwapani, ashuka na mkono mmoja."

Mzee alicheka mpaka kikohozi kikamshika, na Bi Mwanasiti akamtupia Mwamvua jicho la kusema umeniulia mume. Lakini usiku ule, Bi Mwanasiti alisimulia baadaye, mzee alilala mpaka asubuhi bila kikohozi kumwamsha.

Kuanzia hapo Jumamosi ikawa na mwendo wake. Mwamvua huketi nje ya ukuta akaota, kisha huenda kumpelekea mzee ndoto hiyo ikiwa bado ina joto. Mzee hakuuliza timu gani imeshinda. Aliuliza, "Na Bwana Ngazi?" Siku moja kashikwa na upepo huko juu, kofia ikaruka. Siku nyingine kagombana na mkewe, akakaa juu ya ngazi amesusa, mchezo ukasimama mpaka alipopelekewa chai. Mzee alikuwa akikonda, mkono wake ulikuwa umebaki mishipa, ila Bwana Ngazi alizidi kunenepa. Mwamvua aliona aibu wakati mwingine. Alijua anamdanganya mgonjwa, na alijua pia kwamba hakuna saa nyingine ya juma aliyoipenda kuliko ile.

Msimu ulipokaribia kwisha, mzee akamwambia mbele ya mkewe, "Mchezo wa mwisho usimpe mtu kiti changu. Ukakae wewe."

"Mimi, baba? Na sinia langu?"

"Sinia litakaa nje. Wewe ukae ndani. Niahidi."

Mwamvua akaahidi. Njiani alikwenda akipepesuka kidogo kwa furaha na hofu. Sasa alikuwa na siku yake. Alijiona ameketi karibu na nguzo, amejitanda kanga mpya, Bwana Ngazi anapita mbele yake akihema. Aliota hivyo kila siku, hata kashata zikaungua sufuria zima.

Mzee Safari hakuufikia mchezo wa mwisho. Alikufa mchana, mvua ya vuli inaanza kudondoka, na mji ukajaa nyumbani kwake.

Na penye msiba wa Mzigua, Mnyamwezi hakosi, maana ni watani tangu zama za misafara. Aliyekuja ni Kristofa, mkata mkonge, rafiki wa marehemu wa miaka mingi, mtu mwenye sauti ya kuitia ng'ombe walio ng'ambo ya mto wa pili. Alifanya kazi ya mtani barabara. Alilalamika kuwa maiti ni mzito kwa ugali wa bure wa misheni. Alijilaza njiani jeneza lisipite. Kisha akachopoa kutoka kwenye mfuko wa koti la marehemu, lililotundikwa ukutani, ile kadi ya msimu, akaichomeka kwenye kofia yake.

"Hii siitoi mpaka nikombolewe! Mkishindwa, kiti cha Mzigua nakikalia mimi!"

Waliokuwa wakilia wakacheka. Kawaida wenye msiba hutoa chochote, kuku, kipande cha nguo, mtani akarudisha kitu cha watu. Lakini mvua ilikuwa imeshika, watu wakakimbizana na mikeka, na kukomboa kukasahauliwa. Tanga likaondolewa, Kristofa akarudi shambani na kadi kofiani. Kitu kisichokombolewa ni cha mtani. Hilo halina rufaa.

Bi Mwanasiti alikuwa amekaa eda, ndani, katika nguo zake nyeupe, hatoki. Mwamvua hakuwa ndugu wala jamaa, wala si Mzigua. Angesimama wapi kudai? Alijifungia chumbani akalia kilio cha vitu viwili kwa pamoja, mzee na kiti, na hakuweza kuvitenganisha. Nami simlaumu. Aliyewahi kuahidiwa kitu kimoja tu maishani anajua.

Ikaja Jumamosi ya mwisho. Langoni palikuwa hapapitiki. Mwamvua ameweka sinia chini, kadi zote alizokusanya zimepata watu, na mara akamwona Kristofa anakuja, kavaa shati safi, kofia mkononi.

"Bi Mwamvua, hujambo? Kiti cha mtani wangu hiki. Nilidhani nitakikalia, nimeona siwezi, kitaniuma matakoni. Mtafutie mtu."

Akamwekea kadi kiganjani. Ilikuwa imelainika kwa jasho la kofia. Hapo hapo nyapara mmoja wa shamba, mwenye tumbo la mbele na saa ya mkononi, akanyoosha mkono.

"Nipe hiyo, mama. Sema utakalo."

Kadi iko mkononi mwake. Kristofa hakuwapo mzee alipotoa neno lake. Angeweza kumwambia keshauza, akaingia kwa mlango wa nyuma, na hakuna ambaye angejua. Lakini Mwamvua tangu aanze kazi ile hakukalia kiti cha mtu bila mwenyewe kujua. Aliinyoosha kadi kwa nyapara. Vidole vikakataa kufunguka. Nyapara anavuta, yeye ameng'ang'ania, na machozi yanamtoka mbele za watu wazima.

"Vipi tena, mama?" nyapara akasema. "Wauza au huuzi?"

"Siuzi," Mwamvua akasema. "Bwana Kristofa, marehemu aliniahidi mimi kiti hiki. Bi Mwanasiti shahidi. Lakini ni chako, walisahau kukikomboa... tulisahau. Nami si mtu wa nyumba ile."

Kristofa akaanza kupiga makelele, kama kawaida yake. "Mnawaona Wazigua? Hata kufa hawajui! Mtu ana mtani, anaacha kiti kwa Mdigo muuza kashata!" Lakini sauti ilikuwa imekwaruza, na alikuwa akijifuta uso kwa ile kofia. "Wewe si ndiye uliyekuwa ukimpelekea mchezo kila Jumamosi? Basi wewe ni mfiwa. Wafiwa hukomboa. Nipe sinia."

"Lote?"

"Lote! Unadhani Mzigua yule alikuwa wa bei rahisi?"

Mwamvua akatoa sinia lake lote. Kristofa akaketi nalo chini ya ukuta, na Mwamvua, mikono mitupu kwa mara ya kwanza, akapita langoni.

Uwanja ulikuwa mdogo. Ndivyo alivyoona kwanza, udongo mwekundu uliofagiwa, mistari ya chokaa, na vijana wembamba ambao alikuwa amewaota majitu. Alikaa nafasi ya mwisho ya benchi la mbele. Akatafuta ngazi kwa macho, hakuiona. Atakuwa anaileta, akasema moyoni, amechelewa kwa goti lake. Filimbi ikalia, na miguu ile aliyoijua kwa masikio ikaanza kukimbia mbele yake. Mtu mmoja akaruka. Mpira ukapanda polepole, ukakaa hewani kama uliosahauliwa, watu wakapiga kelele, "Kikapu!"

Mpira ukapenya, ukaanguka chini.

Mwamvua aliinuka nusu. Alidhani kimepasuka. Akatazama tena: pete ya chuma, chini yake wavu wa kamba uliosukwa vizuri, fundo kwa fundo, na chini kabisa hakuna kitu. Kimya kile alichokijua kikapita. Kilikuwa kimya cha vijana kurudi nafasi zao tu. Mpira ukaingia mara nyingine, ukaanguka tena. Hapakuwa na ngazi, wala mtu mnene, wala goti. Alikaa amejifunika mdomo kwa kanga. Jirani yake alidhani mama huyu ameguswa na mchezo.

Alipotoka, jua limelegea, alimkuta Kristofa analamba vidole.

"Bwana Kristofa. Nani alisuka vikapu vile akaacha kutia vitako?"

"Hukujua? Mzigua wako. Nguzo alizichimbia yeye, na nyavu alisuka yeye, kila msimu jozi mpya. Mimi ndiye niliyekuwa nikimletea singa za mkonge kutoka shambani. Tulikaa jikoni kwake usiku kucha tunasokota."

Mwamvua akauegemea ukuta. Mzee alijua tangu Jumamosi ya kwanza, tangu neno la kwanza la ngazi. Alijua kuwa hakuna aliyepanda wala kofia iliyoruka, na kwamba mwanamke huyu hajapata kuuona uwanja. Akafumba macho yake, akauliza, "Mwoga, eh?" Ndiyo maana akamwahidisha aingie. Mwamvua alicheka, akalia, akacheka tena, mpaka Kristofa akamwachia kashata ya mwisho.

Kadi ilipaswa kurudi kabla ya magharibi, nayo ikarudi. Bi Mwanasiti alikuwa ameketi mkekani, kitanda cha mzee kimeinuliwa na kuegemezwa ukutani. Aliipokea kadi, akaiweka chini ya mto. Kisha akasema, huku anatazama mikono yake:

"Haya, nieleze. Leo Bwana Ngazi alikuwaje?"

Mwamvua akavua viatu, akakaa mahali pake pa kila Jumamosi.

"Leo alipanda vizuri, Bi Mwanasiti. Goti halikumsumbua, wala hakuogopa. Tulimshikia ngazi mpaka akafika juu." Akaishika ncha ya kanga. "Akakaa huko huko."